Mashemeji wa Bama

Nyinyi mnaoanza kazi ya kukusanya maneno mlikuja juzi mkaniomba nikuandikieni ilivyokuwa zamani. Tangu mlipoondoka nimeandika mwanzo mara tano, na mara tano nimeuchana. Huu ni wa sita. Nauacha ulivyo, kwa sababu mke wangu amenambia karatasi nzima zilizobaki ni za mjukuu kuchorea.

Nilianza na maneno ya askari. Ilikuwa miaka ya hamsini, nimetoka chuoni bara na cheti kipya, nikachukuliwa kwa majaribio katika ofisi ndogo ya kamusi, ghorofani, Kiponda, mjini Unguja. Mkuu wetu aliona kwamba wanaume waliorudi vita vya Bama, kule Waingereza walikowapeleka kupigana na Wajapani, wamerudi na maneno ambayo hayajaandikwa popote, na kwamba yasipoandikwa upesi yatapotea pamoja nao. Nikapewa daftari, kalamu mbili na sanduku la kadi. Kila kadi ilibeba neno moja: neno lenyewe, maana yake, asili yake, na chini kabisa jina la mtu aliyelisimulia. Sharti hilo la jina lilikuwa kubwa kuliko yote. Neno bila msimulizi halikuingia sandukuni.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Gulam, karani wa kadi, mtu mnene na mpole, mwana wa muuza vitambaa wa mtaa ule ule. Mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umekatika, akaufunga kwa uzi mweusi wa dukani kwao. Alikuwa akiyapenda maneno ya askari kama mtu anavyopenda wajukuu. Afande limetoka kwa Waturuki, likapita Misri na Sudani, likafika kwetu limechoka. Singe, kile kisu cha mwisho wa bunduki, limetoka Uhindi, na kila nilipoleta kadi yake alisema, "Hili limekuja jahazi moja na babu yangu." Bombom, ile bunduki ya rasharasha, ni bunduki yenyewe iliyojitaja kwa mlio wake.

Lakini mimi niliyapenda zaidi majina ya adui. Bwana Gulam alinambia niyatazame vizuri, kwamba jina la kumtukana adui hutungwa na aliyebaki nyumbani, na aliye mbele ya adui hutunga jina la kumpunguza ukali. Nikaona kweli. Wale wapiga shabaha wa Kijapani waliojificha juu ya miti, askari wa Unguja waliwaita Wakwezi. Mzinga mdogo uliorusha makombora juu kwa juu waliuita Kinu, kwa mlio wake wa kutwanga. Ndege ya adui iliyopita kila asubuhi walipokuwa wakichemsha chai ilikuwa Muuza Maziwa. Mkwezi mnamjua. Ukimwona juu ya mnazi unachofikiri ni dafu. Nadhani ndivyo walivyoweza kupita chini ya miti ile.

Msidhani niliyapata kwa urahisi. Mara ya kwanza nilikwenda kwenye baraza moja Ng'ambo, upande wa Amani, walipokuwa wakikaa askari wanne wa zamani. Nilikuwa na orodha ya maswali arubaini. Mkubwa wao, Bwana Sudi, alikuwa na sauti ya paredi.

"Biskuti ile ngumu ya jeshi mkiiitaje?"

"Kigae," akasema.

Nikaandika.

"Wengine wakiita Sakafu."

Nikaandika.

"Wa Pemba wakiita Jino la Koplo."

Nikaandika mpaka yakafika tisa, nikarudi ofisini natembea kama nimepata mtoto. Bwana Gulam akazipitia zile kadi moja moja, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Nenda tena wiki ijayo," akasema. "Usiulize kitu. Yatumie vibaya mbele yao."

"Vibaya vipi?"

"Vibaya tu. Neno la kweli lina wenyewe, watalitetea. La uongo wataliacha lipite."

Lishikeni hilo, vijana, maana hata mashine zenu za kunasa sauti hazilifanyi. Nikaenda. Nikasema nimesikia walikuwa wakijifunika Kigae wakati wa baridi. Bwana Sudi akasema, naam, baridi ya kule ilikuwa kali. Nikasema tena kwamba Wakwezi walikuwa wakiwajia chini kwa chini kwenye majani. Wote wanne wakanigeukia.

"Chini vipi, bwana? Mkwezi yuko juu. Wewe umepata kumwona mkwezi chini?"

Kadi tisa za biskuti nikazichana, ya Wakwezi ikabaki. Nao wakanipa jina, kwa kuwa askari hawezi kukaa na mtu asiye na jina. Wakaniita Bwana Labda. Nilikuwa silisemi jambo bila kulitangulizia labda. Labda kesho nitakuja, labda nimekuelewa. Nilikuwa na hofu ya kila kitu: hofu ya kukosea, hofu ya kuonekana nahofia kukosea, hofu kwamba chuo kizima kilinipa cheti kwa bahati mbaya.

Sasa nikuambieni kosa langu, ambalo ndilo mlilolitaka, maana niliyaona macho yenu.

Makunduchi kulikuwa na mchoma chokaa jina lake Vuai, aliyerudi Bama na mguu mmoja mzito. Alikuwa mtu wa maneno machache lakini kila alilonipa lilikuwa dhahabu. Kinu ni lake, Muuza Maziwa ni lake. Siku moja tulikaa mbele ya nyumba yake, mkewe Bi Mize ametuwekea kahawa akaenda kisimani. Nikamuuliza wale askari wa adui wenyewe, wanaokuja kwa miguu, wakiwaitaje.

"Sisi wa Makunduchi?" akasema. "Sisi tukiwaita mashemeji."

Kisha akainamisha kichwa, akawa anazungusha kikombe mkononi.

Nikaona haya. Nilifikiri hivi: shemeji anapatikana kwa mwanamke, mtu mzima ametaja shemeji wa nchi ya mbali, kisha ameinamisha kichwa, basi kuna jambo la wanawake hapo, na si adabu kumchimba mtu mambo hayo mlangoni kwake. Nikamuuliza habari za viatu vya jeshi. Ndani ya basi, njia nzima mpaka mjini, nikalitafakari lile neno, na nilipofika ofisini nikaandika: "Shemeji: askari wa adui. Labda jina limetokana na askari wetu kuoa wanawake wa huko." Chini nikaandika: "Msimulizi, Vuai wa Makunduchi." Nikajiona mwerevu. Sikufikiri hata kwamba adui alikuwa Mjapani, na wanawake wa Bama hawakuwa dada zake.

Ingekuwa hapo tu, kadi ingekaa sandukuni na labda yake na hakuna ambaye angeumia. Lakini mkuu alitaka kutoa kijitabu cha majaribio, kipelekwe shuleni watu watoe maoni. Akazipitia kadi zangu, akanirudishia kila labda imezungushiwa wino mwekundu. "Kijana, unajua au hujui?" akaniuliza. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu za majaribio. Nikaenda mezani kwangu, nikaziondoa zote. Sikurudi kuuliza hata moja. Nilizifuta tu.

Kijitabu kikafika Makunduchi. Mwalimu wa shule alifurahi kuona jina la mtu wa kijijini limechapwa, akakipeleka barazani akakisoma kwa sauti, mbele ya watu, jioni ya Ijumaa. Akasoma Kinu, watu wakacheka. Akasoma Muuza Maziwa. Akasoma Shemeji. Aliyekuwa amekaa hapo karibu yake ni Ame, kaka mkubwa wa Bi Mize.

Siku kumi na mbili baadaye Vuai alipanda ngazi zetu. Nilimsikia kabla sijamwona, ule mguu mzito. Alivaa kanzu na koti, kijitabu amekikunja mkononi.

"Karibu, Bwana Vuai. Kaa."

"Sikai. Nimekuja unisomee pahala nilipokwambia haya."

Nikafungua daftari. Nilijua kilichomo: neno moja, kisha viatu vya jeshi.

"Hujanambia," nikasema.

"Basi nani kasema?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei ya kitu asichoweza kukinunua. "Mke wangu yuko kwao. Ame haipokei salamu yangu. Watu wananiuliza watoto wangu wa Bama ni wangapi." Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nikisema si kweli, wananionyesha kitabu. Kitabu kina jina langu."

Bwana Gulam alikuwa amesikia yote kutoka meza ya pili. Hakunigombeza. Alimletea Vuai maji, kisha akanigeukia. "Utakwenda," akasema.

"Nitaandika barua. Nitaandika leo hii."

"Barua haitoshi. Limesomwa barazani kwa sauti, litaondoshwa barazani kwa sauti."

"Aje siku ya Mwaka," Vuai akasema. "Kabla ya hapo hawatamsikiliza. Mimi mwenyewe hawanisikilizi."

Hata hivyo niliandika barua, saba, nikazichana. Nilimwendea mkuu nikamwambia nilivyofanya, nikitazamia kufukuzwa. Akasema zile duara nyekundu zilikuwa zake na zile kalamu zilizofuta zilikuwa zangu, kwa hiyo tutafanya kila mtu nusu. Akaandika kwa mkono wake kwenye nakala zilizobaki kwamba maelezo ya neno lile yameondolewa. Ninamshukuru mpaka leo. Si kwa kuniacha kazini tu, bali kwa kuichukua ile nusu.

Kwa asiyejua Makunduchi: mwaka wao wa zamani unapoingia, watu wa kaskazini na watu wa kusini ya mji hukutana uwanjani wakapigana kwa mashina ya migomba. Mwenye kinyongo na mwenzake hukitoa hapo, kwa mikono na kwa maneno, na wakitoka hapo kimekwisha. Hakuna ruhusa ya kurudi nacho nyumbani. Na nyumba isiyolisha mgeni siku hiyo huogopewa nuksi. Wanawake wamevaa kanga mpya wanazunguka uwanja wanaimba. Mimi nilikuwa nimelisoma hilo. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, nimeyahifadhi, na nimefikiri sana kama niyatoe kabla ya mapigano au baada. Sikufikiri kwamba nitakuwemo.

Ame alinijia moja kwa moja. Alikuwa na mabega ya mtu anayevunja mawe.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Naam. Nimekuja kuomba ra—"

"Radhi baadaye. Shika mgomba."

"Mimi sijui kupigana."

"Kuandika ulikuwa ukijua?"

Nikashika mgomba. Pigo la kwanza lilinichukua begani, na utomvu ukaniruka kanzu nzima. Kwa asiyejua tena, utomvu wa mgomba hautoki nguoni. Nilimpiga na mimi, nadhani nilimpata kiwiko, akanitazama kwa huruma. Kisha akaniacha akamwendea Vuai, na hapo ndipo nilipoanza kusikia.

"Shemeji, pole! Jingine linakuja!"

"Ahsante, shemeji, na hili lako!"

Nikageuka. Kila upande ilikuwa hivyo hivyo. Wa kaskazini wameoa kusini, wa kusini wameoa kaskazini, kwa hiyo kila anayekuja mbele yako na mgomba ni kaka wa mkeo au mume wa dada yako. Uwanja mzima wanaume walikuwa wakiitana shemeji na kutwangana. Nilisimama katikati na kanzu yangu, na nikaelewa kwamba miezi minne mizima nilikuwa na basi la kunirudisha hapa kuuliza na sikupanda.

Yalipokwisha, Vuai alinichukua mpaka barazani kwa kina Ame. Wanaume walikaa wanajipangusa, mwalimu wa shule yumo, na Bi Mize alisimama mlangoni kwa kaka yake na wanawake wawili. Maneno niliyoyahifadhi yalikuwa yamenitoka yote. Nikasema kwa sauti, kwa kadiri nilivyoweza:

"Yaliyosomwa hapa juu ya neno shemeji ni maneno yangu. Bwana Vuai hakuyasema. Niliyadhani tu, nikayaandika, nikaweka jina lake."

 Bi Mize ndiye aliyeuliza.

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Niliona haya, Bi Mize."

"Uliona haya kuuliza, hukuona haya kuandika."

Jibu la maneno hayo nimelitafuta. Mpaka leo sijalipata. Lakini alikuwa hajamaliza, alimgeukia mumewe.

"Na wewe. Siku ishirini nipo hapa namfikiria mwanamke wa Bama. Nshampa na sura. Wewe unapita njiani na mguu wako, hunambii kitu ila si kweli, si kweli. Kama si kweli, kweli ni ipi?"

Vuai alitazama chini, vile vile kama siku ile ya kahawa. Nikaona hapo kwamba haikuwa aibu.

"Ni neno la Mcha," akasema.

Watu wakageuka. Mcha walikuwa wakimjua; alikwenda vitani na Vuai na hakurudi.

"Tulikuwa watatu wa huku ndani ya handaki moja. Mcha ndiye mdogo. Asubuhi tukawasikia wanakuja, wanapiga kelele. Mcha akatetemeka mpaka kofia ya chuma inagonga bunduki. Nikamwambia, wewe mwana wa Makunduchi, hukutetemeka uwanjani mbele ya Ame, utatetemeka mbele ya hawa?" Akafuta utomvu mkononi ambao haufutiki. "Akanitazama. Akasema, kumbe ni mashemeji tu hao. Akacheka. Na mimi nikacheka. Akaacha kutetemeka."

"Kisha?" Ame akauliza.

"Kisha wakafika."

 Vuai akasema wale waliobaki walilishika neno lile kwa ajili yake, mpaka kikosi kizima kikalitumia, hata watu wa bara wasiojua Makunduchi iko wapi. Akasema kila alipotaka kusimulia asili yake alimwona Mcha anacheka, akashindwa kuendelea. Nilikaa pale nikaona ukubwa wa nilichokifanya. Nilikuwa nimepewa kicheko cha mwisho cha mtu, nikakiandikia umbea.

 Bi Mize akanitazama mimi, kanzu mpaka viatu.

"Huyu mgeni wa nani leo?"

"Wangu," Vuai akasema.

"Siku ya Mwaka mtu ana mgeni na nyumbani hakuna moto? Unataka tupate nuksi mwaka mzima?"

"Hakuna wa kuuwasha."

"Haya." Akaikaza kanga yake kiunoni. "Ame, nnakwenda kwangu kupika. Na wewe mwandishi, ukishakula utaniandikia neno la Mcha mbele yangu, na utanisomea."

Nilimwandikia, na nilimsomea mara tatu. Kadi ile mtaikuta sandukuni, na chini yake majina matatu: Mcha aliyelisema, Vuai aliyelisimulia, Mize aliyelisikiliza. Tangu hapo, kwa miaka yote niliyobaki kazini, kila kadi iliyotoka kusini nilimpelekea Bi Mize nikamsomea kabla ya kuiingiza. Alikuwa akichambua mchele, hanitazami, na nilipofika pahala pangu dhaifu alinyanyua mkono. "Hapo kasema nani?" Kila nilichojifunza chuoni hakifiki swali hilo. Nimemshukuru akiwa hai na namshukuru sasa, na nyinyi mtakaowasumbua watu milangoni mwao mshukuruni atakayekuulizeni hivyo, hata akikuulizeni mbele ya baraza zima.

Lakini hayo ya kushukuru yalikuja baadaye. Siku ile nilisimama tu na bega langu linauma. Bi Mize alishashuka barazani na kuanza kutembea, Vuai nyuma yake anauvuta mguu. Ame aliwatazama, akaniuliza kama bega limevimba, hakungoja jibu. Akaingia ndani, akatoka na sanduku la nguo la dada yake kichwani, akawafuata.